Muhogo Uliolala Mara Nne

Jambo lote lilinigharimu magunia sita ya muhogo, meza yangu ya soko la Kasulu, na jina nililolijenga kwa miaka mitatu kwa kutowadanganya watu hata pale ilipowezekana. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili niliongeza kitu cha nne nilichokuwa nimekiruka: yule mama niliyemwita Mama bila kulazimishwa na mtu.

Jina lake sitalitaja. Kasulu yote ilimwita Mama Mpishi, na hata ukifika Kibondo ukasema Mama Mpishi, hakuna atakayekuuliza yupi. Alizaliwa wapi na nani, sijui wala sikuuliza. Sisi wa sokoni tunauliza bei.

Alikuwa mpishi wa shughuli: harusi, kipaimara, ugeni wa mkoani. Wapishi wa shughuli walikuwa wengi, ila yeye peke yake ndiye aliyetoka redioni. Mtu mmoja alikuja na kinasa sauti, akamrekodi akieleza namna ya kupika maharage bila kuyaua, na sauti ile ikasikika mara mbili, mara ya pili ikiwa marudio. Ilitosha. Madereva wa malori wakaanza kumwachia kiti cha mbele. Watu waliomjua miaka yote wakaanza kumtazama kama wanaomwona sasa hivi. Kasulu ya wakati ule, mtu aliyesikika redioni alikuwa mkubwa kuliko yule yule akiwa amesimama mbele yako.

Mwingine angetumia umaarufu huo kupandisha bei. Yeye alipandisha, nisimsingizie, lakini sehemu kubwa aliitumia kupigana. Siku za gulio aliazima kipaza sauti cha ofisi ya kata, kile cha betri kinachokohoa kabla ya kusema, akapita meza hadi meza. Alipiga vita maharage yaliyotiwa vijiwe ili yapate uzito, dagaa walioanikwa mchangani, mawese yaliyoongezwa maji, na mafuta ya kukaangia maandazi yaliyorudiwa mpaka yakawa meusi kama oili ya trekta. Hakuwa akitaja jina la mtu. Alisimama tu mbele ya meza yako, akazungumza kwa ujumla.

Mimi aliniingilia kwenye debe. Debe langu la kupimia lilikuwa na kitako kilichobonyea kuelekea ndani kwa bahati mbaya, bahati ambayo niliisaidia kidogo kwa nyundo. Mama Mpishi alilitazama, akakunja ngumi, akaizamisha ndani na kukisukuma kitako kikarudi chini kwa mlio uliosikika meza ya nne. Kisha akanirudishia debe langu kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi.

"Sasa ni debe," alisema. "Lilikuwa bakuli."

Watu walicheka. Nilicheka nao, maana ukikasirika sokoni umeshakubali kosa. Gulio lililofuata nilikuja na debe lililonyooka, na nikauza zaidi kuliko siku zote. Kwa hiyo sitasema nilimfuata kwa sababu ya wema. Nilimfuata kwa sababu ya hesabu. Wema ulikuja baadaye, na ndio ulioniponza.

Alikuwa na kijiko cha mti, kifupi, alichokichomeka kwenye mkunjo wa kitenge kiunoni. Kwa kijiko hicho alionja sufuria za watu bila kuomba ruhusa. Nilimwona kwenye harusi ya mwalimu mmoja, ambako alialikwa kama mgeni, si kama mpishi, akizunguka nyuma ya nyumba, akachovya kwenye sufuria la nyama na kumuuliza mpishi wa watu taratibu, "Chumvi yote hii inaficha nini?" Ilikuwa inaficha nyama ya juzi. Sufuria lilimwagwa, harusi ikala maharage, na bwana harusi mwenyewe alikwenda kumshukuru huku tumbo linamlilia. Lakini yeye mwenyewe hukumwona akila mbele za watu. Kuonja, ndiyo. Kula, hapana. Nilidhani ni heshima. Siku hizi nadhani aliyajua majiko yetu kupita kiasi.

Vita yake kubwa ilikuwa ya muhogo mchungu. Kwetu Kitanga tunaulima huo kwa sababu nguruwe pori hawaupendi na mwizi hawezi kuutafuna njiani. Sumu yake inatoka ukiuloweka mtoni, na hilo kila mtoto analijua. Shida iko kwenye kuhesabu. Sisi tunahesabu siku kama tunavyohesabu matanga, ya kwanza imo. Unaloweka Jumatatu jioni, unatoa Alhamisi alfajiri, na mdomo wako umeshasema siku nne: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Wala hujadanganya. Lakini muhogo umelala mara tatu tu, tena kwenye maji ya milimani, ambayo ni baridi na hayana haraka ya kufanya kazi.

"Msihesabu siku," alikuwa akisema kwenye kile kipaza sauti. "Siku zina ujanja. Hesabuni kulala. Muhogo wako umelala mara ngapi? Mara nne. Si mara tatu na dua."

Swali hilo lilienea kuliko yeye. Wanawake walisalimiana nalo kisimani. Sudi, mwenye duka kubwa la vyakula karibu na stendi, ambaye babu yake alitoka pwani na ambaye hakuruhusu mtu asahau hilo, aliwauliza wateja wake wa kike swali lile lile kwa sauti nyingine kabisa, na walimjibu yaliyomstahili.

Mimi sikulichekea. Mdogo wangu wa kike anatembea kwa fimbo. Mwaka mmoja wa njaa, akiwa na miaka tisa, tulitoa muhogo mtoni kabla ya wakati, kwa sababu sisi tulikuwa na haraka na muhogo haukuwa nayo. Asubuhi moja aliamka miguu imekaza kama mtu aliyesimamishwa kwa amri, na haikulegea tena. Watu walisema karogwa. Mama yetu mzazi alikufa akiwa hasemezani na jirani wa bondeni kwa ajili ya miguu ile.

Mama Mpishi alifika kwetu siku moja kununua muhogo, akamwona mdogo wangu anavuka uwanja. Akaketi chini, kwenye udongo, na kitenge chake kizuri. Akamuuliza mwaka ule tulikuwa tunakula nini. Halafu akanigeukia mimi.

"Ulikuwa umelala mara ngapi?"

Nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Mara mbili. Nikarudia kuhesabu, ikawa bado mara mbili. Siku hiyo nilikwenda bondeni kumsalimia yule jirani, nikasema "mwakeye" kama vile ni jana tu tulipoachana, na siku hiyo ndiyo nilianza kumwita yule mpishi Mama.

Tangu hapo sikuuza kitu kilicholala chini ya mara nne. Nilifunga kamba ya katani kwenye jiwe langu pale mtoni, na kila asubuhi niliongeza fundo moja. Kamba hiyo niliibeba mpaka sokoni, nikaitundika mezani, mteja ahesabu mwenyewe. Mama Mpishi alinipa ruhusa ya kusema "muhogo wa Mama Mpishi". Unga wangu ulichelewa kuliko wa wengine na bei yake ilikuwa juu, lakini watu walitoka mpaka Kibondo kuufuata. Na yeye alipopita na kipaza sauti chake alisimama mbele ya meza yangu kwa ujumla, akatabasamu.

Sasa niseme na yale niliyoyaona nikayafumbia macho, maana anayehesabu mara mbili hana kisingizio.

La kwanza ni maandazi. Mama aliyapiga vita mafuta meusi mpaka wauzaji wakamkimbia, lakini kulikuwa na mama mmoja wa stendi ambaye mafuta yake yalikuwa na umri wa kuanza shule, na maandazi yake ndiyo Mama Mpishi aliyoyapenda. Aliyala nyuma ya kibanda, amegeukia ukuta. Nilimkuta. Akafuta mdomo na kuniambia anachunguza. Nikamuuliza amechunguza mangapi. Akasema manne.

La pili lilikuwa zito zaidi. Kambi za wakimbizi zilipojaa, chakula cha mgao kilianza kutokea sokoni kwetu: unga wa njano, njegere, mafuta ya kopo. Mama Mpishi alilipigia kelele jambo hilo kuliko yote. Alisema anayenunua mgao wa mkimbizi amemnyang'anya mtoto kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni, na kuna wafanyabiashara wazima waliorudisha mizigo kwa aibu. Siku moja nilimpelekea unga nyumbani, nikayaona makopo yale chini ya kitanda. Manne. Akasema ameyaokota tu, ya kupimia maji. Matatu yalikuwa wazi. La nne lilikuwa halijafunguliwa. Nikajiambia labda analo la kupimia maji ya baadaye.

Basi ikaja shughuli yake mwenyewe. Wakubwa walikubali kuzindua kampeni ya chakula salama, mgeni rasmi atoke mkoani, na yule mtu wa redio arudi na kinasa sauti chake. Mama aliamua kumlisha mgeni rasmi ugali wa muhogo mchungu hadharani, watu waone kwamba ukilala inavyotakiwa ni chakula cha mtu yeyote. Magunia sita ya unga aliyaagiza kwangu. Niliajiri wanawake wawili wa kumenya, tukajaza mto.

Muhogo ukiwa umelala mara mbili, ikaja habari kwamba mgeni amebadili safari na shughuli imewahishwa. Zilibaki siku nne tu, na kuanika na kusaga kunazimaliza zote. Mama alikuja mwenyewe mpaka mtoni, viatu vyake vya shughuli mkononi.

"Toa," alisema.

"Umelala mara mbili, Mama."

"Jua la wiki hii ni kali. Litamalizia."

"Wewe ndiye uliyesema jua halimalizii kazi ya maji."

Aliitazama ile kamba kwenye jiwe langu. Akagusa fundo la kwanza, akagusa la pili, kama mtu anayetafuta la tatu kwa vidole.

"Siku hizi unajua kunijibu," alisema. Akapanda mtelemko, akavaa viatu huko juu.

Niliona fahari. Nilidhani nimefanyiwa mtihani nikaushinda. Nikadhani atapika wali, au ndizi, na kuwaambia watu ukweli: muhogo haujawa tayari. Ingekuwa hotuba nzuri kuliko zote alizowahi kutoa.

Siku ya shughuli muhogo wangu ulikuwa juu ya mwamba Kitanga, mweupe, unakauka. Sikwenda, mtu haachi muhogo na mbuzi mahali pamoja. Habari nilizipata jioni. Ugali wa muhogo ulipikwa. Watu wakala, mtu wa redio akarekodi, na kabla hotuba hazijaisha wakaanza kutapika na kushika vichwa. Walikuwa kumi na saba. Wengine wanasema kumi na nane, lakini nimefuatilia, na yule mmoja alikuwa amelewa tu. Mgeni rasmi alikuwa amekula wali wa meza kuu, ndiyo maana aliweza kutoa neno la shukrani. Hakufa mtu. Hilo naliandika mapema ili msomaji apumue.

Unga ulitoka wapi, nilijua ndani ya wiki. Kulikuwa na wafanyabiashara wa haraka waliowauzia watu wa kandokando ya kambi, muhogo wao unalala mara mbili ukijitahidi. Mama alinunua kwao magunia sita, na yalipimwa kwa mizani ya Sudi.

Gulio lililofuata alikuja na kipaza sauti. Kikakohoa. Hakutaja jina la mtu. Alisimama mbele ya meza yangu, akazungumza kwa ujumla.

Alisema kuna mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kwa mikono yake. Alimwamini kama binti. Na binti huyo, kwa tamaa ya kuwahi, akautoa muhogo kabla ya wakati na kufunga mafundo ya uongo kwenye kamba.

Nilikuwa nimeshika debe. Lile lile, lenye kitako alichokinyoosha yeye. Watu wote walitazama kamba yangu iliyoning'inia pale na mafundo yake manne. Nilisema muhogo wangu bado uko mwambani, twendeni Kitanga mkauone. Kitanga ni mbali, na hakuna anayetembea umbali ule kwenda kuona kitu kitakachomharibia hadithi. Mwanamke mmoja, mteja wangu wa miaka yote, alisema huenda nimeuanika asubuhi ile. Nikamwangalia Sudi. Sudi alikuwa akiangalia mizani.

Nilimfuata dukani baadaye. Akaniambia, "Dada, yule mama ananunua mchele wangu kwa shughuli zote za wilaya. Mimi macho yangu yapo kwenye mizani tu. Na mizani haisemi gunia ni la nani."

Kwa mtendaji nako nilikwenda. Alinisikiliza vizuri, akaniuliza kama nina stakabadhi.

Magunia yangu sita hayakupata mnunuzi. Tulikula ugali wa muhogo mpaka mdogo wangu akaanza kuota wali. Ulikuwa umelala mara nne, na haukumdhuru mtu. Meza yangu alipewa mwingine. Kilichoniuma usiku na mchana si meza. Ni kwamba nililaumiwa kwa jambo pekee maishani mwangu ambalo nilikataa kulifanya, na aliyenilaumu ndiye aliyenifundisha kukataa. Lile la nyundo, ambalo nililifanya kweli, alinisamehe kwa mzaha.

Nikahamia Kibondo, nikaanza na debe moja chini. Wateja wangu wa mwanzo walikuwa wanawake wa kambini Nduta na wa vijiji vya jirani. Yule wa kwanza kabisa alichukua unga kiganjani, akaunusa, akaniuliza kwa Kiswahili chake kilichobeba Kirundi:

"Mama, huu umelala mara ngapi?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Maneno ya yule mama yalikuwa yamefika kabla yangu. Na yalikuwa kweli. Mwanamke yule alikuwa na mtoto mgongoni, miguu yake inacheza. Nikamwambia mara nne. Akanunua.

Miaka imepita, nimepata meza tena. Wiki iliyopita, Jumatatu, mwanamke mzee alisimama mbele yangu, jicho moja limeingia ukungu. Hakusalimia. Alichomoa kijiko kiunoni, akachovya kwenye unga wangu, akauweka kwenye ulimi, akafumba lile jicho zima.

"Nne," alisema.

Nilimpa kigoda. Ndivyo nilivyolelewa, mtu mzima hakai chini hata kama umemwombea akae kwenye miiba. Aliniuliza habari za biashara, nikamwambia nzuri. Akaniuliza mdogo wangu anatembeaje. Nikamwambia anatembea vile vile.

Akasema Jumamosi ijayo, si hii, atazungumza na wanawake wa kambini na wa vijijini, kwenye uwanja wa Kibondo. Redio itakuwepo. Anataka unga wangu, na safari hii tarehe haisogezwi hata aje nani.

"Na nimewaza kitu kingine, mwanangu," alisema. "Nitakuita mbele. Nitakusamehe mbele ya watu wote. Wa Kasulu nao watasikia redioni. Jina lako litarudi."

"Utanisamehe kosa gani, Mama?"

"Lile."

"Lile la nani?"

Alikifuta kijiko chake kwa kitenge, muda mrefu kuliko kijiko kinavyohitaji.

"Wakijua ni mimi," alisema, "nani ataloweka mara nne tena? Watasema hata yeye mwenyewe alipika uliolala mara mbili. Na watoto watakaza miguu. Wewe unajua miguu hiyo, mwanangu. Mimi naijua kwa kuambiwa. Wewe unaishi nayo."

Niliwaza kumwomba aseme tu kwamba alikosea hesabu. Hata hilo nililisema. Akatikisa kichwa, akasema mtu aliyewafundisha watu kuhesabu hawezi kukosea hesabu. Kisha akainuka, akachomeka kijiko, akaondoka akiacha alama ya kidole kwenye unga wangu.

Muhogo wake nililoweka jioni ile ile. Umelala mara nne, kamba ninayo, na sasa unakauka. Hilo halikuwa na mjadala. Wanawake wale watakula, na mimi simlishi mtu muhogo uliolala mbili kwa sababu ya hasira zangu. Mdogo wangu nimemuuliza. Amesema nikasimame, nipokee, watoto wapone. Halafu akasema nisisimame. Nimemuuliza mara ya pili, amebadilisha mpangilio tu.

Kwa hiyo nauliza nyinyi mnaosoma, hasa mliokuwepo gulioni siku ile. Kwetu kitu anachokupa mtu mzima unakipokea kwa mikono miwili, na ukitoa mmoja umemtukana. Jumamosi yule mama ataninyooshea mbele ya watu msamaha wa kosa lake mwenyewe. Nipokee kwa mikono mingapi?